Uliza Fundi: Pampu ya umeme kwa gari ya kabureta

Barua za mwezi huu nyingi zinazungumzia kitu kimoja, pampu za petroli kwenye magari ya zamani, na sio ajabu manake jua la kaskazi likishaingia huku Pwani gari za kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini) zinaanza kulalia barabarani. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, naomba na wengine muisome vizuri kabla hamjanunua kitu.

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Mimi niko Maweni hapa Malindi, nina Peugeot 504 saloon ya kabureta, ni ya marehemu baba na sitaki kuiuza. Asubuhi inawaka poa tu, naenda nayo mpaka Watamu bila shida, lakini kurudi saa nane mchana nikifika pale Gede nipunguze mwendo kwenye matatu na tuktuk inaanza kumisi alafu inazima. Nikifungua boneti nikangoja kama nusu saa inawaka kama hakuna kilichotokea. Makanika wa kwanza alifunga kitambaa cha maji juu ya pampu, ikasaidia kidogo. Wa pili akasema pampu imechoka niweke ya umeme, na ameniletea moja imetolewa kwa gari ya Japani ya injection, anasema hii ina nguvu na bei iko chini. Roho yangu inasita. Niiweke? Na kama sio hiyo ni ipi, inakaa wapi?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu, na Mungu amrehemu mzee. Roho yako imesita pazuri. Hiyo pampu usiiweke, mrudishie mwenyewe leo.

Nianze hapo hapo manake hapo ndipo watu wanachoma magari. Gari ya injection inataka petroli ije na presha kubwa, kwa nyingi ni kama 40 mpaka 60 psi (kipimo cha presha), ndio itoke kwenye injekta ikiwa mvuke mwembamba. Kabureta yako, iwe Solex ama Zenith, inataka 2.5 mpaka 3.5 psi, basi. Ukifungua kifuniko cha kabureta utaona kachemba kana petroli, ndani kuna floti inaelea, na floti ikipanda inasukuma kisindano kidogo cha shaba kinachoziba tundu la kuingilia mafuta. Kile kisindano hakishikiliwi na kitu kingine, ni uzito wa kuelea wa ile floti tu. Ukikiletea 45 psi kitafunguka na hakitafunga tena, petroli itajaa kwenye chemba, itapita shingoni iingie kwenye silinda ioshe oili yote ukutani, nyingine ichuruzike kwenye oili ya chini, na nyingine imwagike nje juu ya injini ya moto karibu na distribyuta inayorusha cheche. Hapo hakuna fundi tena, ni kuomba Mungu tu uwe umetoka ndani ya gari.

Mtu atakwambia si uweke regileta ya kupunguza presha. Regileta nyingi za kabureta zimetengenezwa kushusha 6 ama 7 psi zije 3, sio kushusha 45, na zile zinazoweza zinahitaji paipu ya kurudisha mafuta kwenye tanki. Yaani utatumia pesa kurekebisha kitu ambacho hukutakiwa kukinunua. Hili la pampu za injection kuvalishwa gari za kabureta linanisikitisha kwa kweli, manake mafundi wanalifanya kwa nia nzuri ya kumpunguzia mtu gharama.

Sasa turudi kwa ugonjwa wenyewe. Kabla ya kununua pampu yoyote hakikisha kwanza kweli shida ni petroli, sababu gari kuzima ikiwa moto inaweza kuwa koili ama kondensa, vifaa vya umeme wa cheche, vile vile, navyo pia vikipoa vinafanya kazi tena. Siku ikizima, zima swichi, toa kifuniko cha filta ya hewa, chungulia shingo ya kabureta alafu vuta waya wa aksileta kwa mkono. Ukiona petroli inaruka mruko mwembamba ndani, mafuta yapo, tafuta shida kwenye umeme. Ukiona pakavu, shida ni petroli. Usichungulie ukiwa na sigara wala usimulikie taa ya moto, najua unajua lakini nitaandika kila mwezi.

Alafu fungua kifuniko cha tanki papo hapo ilipozima. Ukisikia inavuta hewa fyuuu, basi tundu la kupumulia tanki limeziba, pampu inavuta mpaka inashindwa, na hakuna pampu duniani itakayokutibia hilo, safisha tundu tu. Nimeona gari zimebadilishwa pampu mbili tatu kwa sababu ya kifuniko. Ya tatu, chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, unuse. Oili ikinuka petroli na kiwango chake kimepanda wakati hujaongeza, diaframu ya pampu yako, ule utando wa ndani, imepasuka inamwaga petroli kwenye oili, na hapo usiendeshe hata kwenda dukani, badilisha pampu na oili kwanza.

Kwako wewe mimi nafikiri jibu unalo tayari, ni kile kitambaa. Kama ingekuwa koili, kitambaa cha maji juu ya pampu kisingesaidia chochote. Kimesaidia kwa sababu petroli yako inachemka. Petroli sio kama maji, inaanza kutoa mapovu hata kabla haijafika nyuzi 50, na chini ya boneti ya 504 saa nane mchana ukiwa unaenda pole pole hakuna upepo, panazidi hapo mbali sana. Na kuna kitu watu wengi hawakifikirii: pampu yako ya zamani imekaa ubavuni mwa injini, inasukumwa na kemshafti, ile shafti ya ndani inayofungua valvu za injini, kwa hivyo kutoka kwenye tanki mpaka mbele kote huko petroli inavutwa. Kitu kikivutwa presha yake inashuka, na presha ikishuka kinachemka kwa joto dogo zaidi. Yaani paipu nzima ni ya kuvuta na mwisho wake ni mahali pa moto kuliko pote. Mvuke ukishaingia kwenye pampu inabaki kupiga hewa tu, haivuti tena. Ukiweka pampu nyuma kwenye tanki mambo yanageuka, petroli inasukumwa, presha ndani ya paipu inapanda na kuchemka kunakuwa kugumu. Hiyo ndio faida ya pampu ya umeme huku kwetu, sio nguvu, ni mahali inapokaa. Ndio maana ukiifunga mbele kwenye injini karibu na ile ya zamani, kama wengi wanavyofanya sababu waya ni mfupi, umepoteza hela.

Kununua, soma namba mbili kwenye boksi usichanganye moja na nyingine. Kuna psi ambayo ni presha, na kuna lita kwa saa ambayo ni wingi. Presha tafuta isiyozidi 4, na kama umepata ya juu kidogo ya 5 ama 6 weka regileta nzuri kama ile Filter King ya Malpassi ambayo ina filta ndani yake, uifunge mbele kabla ya kabureta. Wingi wala usikuhangaishe, 504 ya 2000cc ina farasi kama 90 na kitu, hata ukikanyaga mpaka mwisho haimalizi lita 35 kwa saa, na pampu ndogo za kabureta nyingi zinatoa 60 mpaka 100. Aina ziko tatu utakazokutana nazo: ile ya kiboksi kidogo cha chuma inayolia tik tik tik kama Facet, haina mota inayozunguka na haina maneno mengi, ile ya duara inayozunguka kama Huco, iko kimya zaidi lakini uchafu inauogopa, na SU ya Kiingereza ambayo ilikuwa inakuja na gari zenyewe kama MGB na Morris Minor. Mimi kwa gari ya kazi ya barabara ya vumbi ningechukua ya kiboksi. Angalia isiwe ya kuigiza, kuna nyingi sokoni zinafanana kila kitu mpaka stika alafu zinatoa presha yoyote zinayotaka, kwa hivyo geji ndio itakayokwambia ukweli, nitafika hapo. Kama 504 yako ingekuwa ile ya injection ya Kugelfischer haya yote yangekuwa tofauti, hiyo ina pampu yake ya umeme ya presha tangu kiwandani, lakini umesema ni ya kabureta.

Kuifunga sasa. Toa waya wa betri kwanza. Petroli itoe kwenye tanki kwa pampu ya mkono, sio kwa mdomo. Pampu ikae karibu na tanki iwezekanavyo, chini ya usawa wa petroli ama usawa mmoja nayo, manake hizi pampu ni hodari kusukuma lakini kuvuta ni dhaifu. Zile za kiboksi mdomo wa kutolea uangalie juu, zisilale, ili hewa itoke. Iwe mbali na eksosi, isining'inie chini ikapigwa mawe ukienda Marafa, na isiwe ndani ya gari wala ndani ya buti hata siku moja. Weka raba kati yake na bodi la sivyo utaisikia ikigonga mpaka kichwa kiume. Kabla ya pampu weka filta, hiyo haina mjadala, tanki la miaka 40 lina kutu chini na chembe moja tu ikikwama kwenye valvu ndogo ya pampu imekwisha. Hosi ziwe mpya, zilizoandikwa ni za petroli, sio ile ya maji wala ya gesi ya jikoni, na klampu ziwe za kukaza kwa skrubu zisizokata raba. Zile filta za kioo acha, zinapendeza lakini zinavunjika.

Pampu ya zamani itoe kabisa. Kuna wanaopitisha petroli ya pampu ya umeme ndani ya ile ya zamani ili wabaki nayo kama spea, na ni hatari kubwa, sababu diaframu ikipasuka ile ya nyuma itaendelea kusukuma petroli moja kwa moja kwenye oili ya injini. Toa, kata bamba la aluminiamu la milimita 5 ama 6, toboa matundu mawili ya bolti, gasketi mpya, kaza. Ile pampu iweke kwenye buti kama spea ikiwa bado nzima.

Umeme ndio pahala ninapowaomba msifanye haraka. Injini ikizima pampu ya zamani nayo inaacha, kwa sababu injini ndio inayoipiga. Ya umeme haijui injini imesimama. Ukigonga gari, hosi ikakatika, swichi bado iko on, ile pampu itaendelea kumwaga petroli barabarani lita kwa lita na wewe uko ndani. Kwa hivyo usichukue waya kwenye redio ukaunganisha ukaondoka. Weka rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo ipitishe umeme mkubwa), waya mnene kutoka betri upitie fyuzi ya kama 10A karibu na betri, uingie rilei, utoke uende nyuma kwenye pampu. Waya wa kuamsha rilei ndio unaopitia vitu vya usalama. Cha kwanza ni swichi ya mgongano, ina kigololi ndani, gari ikigongwa kinaruka kinakata umeme, na ukitaka kuiwasha tena unabonyeza kitufe juu yake. Zinapatikana kwenye Land Rover Discovery zilizokufa, waulize wauza spea wa mitumba. Cha pili ni swichi ya presha ya oili, ile ya pini tatu sio ya taa ya kawaida, inayoruhusu pampu injini ikiwa na presha ya oili tu, na wakati wa kupiga stata inapitisha umeme kwa njia yake ya pembeni. Kuna pia rilei zinazofuata mapigo ya koili, injini ikinyamaza nazo zinakata. Moja ya hizo mbili pamoja na ya mgongano, na utalala usingizi.

Athi ya pampu, yaani pale waya wake unapofungwa kwenye bodi, kwangura rangi mpaka uone chuma kinachong'aa, funga, alafu paka grisi juu. Sisi tuko na bahari hapa, chumvi inakula viungo vya waya kimya kimya, na nusu ya pampu ninazoletewa ati zimekufa ukiziunganisha na betri mezani zinalia vizuri tu, ni athi imeoza.

Ukimaliza usiwashe injini. Weka geji ya presha karibu na kabureta, rudisha waya wa betri, fungua swichi, na ile swichi ya oili ama rilei ya koili iruke kwa muda wa kupima tu manake injini haijawaka, sikiliza. Ya kiboksi itagonga haraka haraka ikijaza, alafu chemba ikijaa itapunguza ikawa moja moja. Hiyo ndio sauti unayoitaka. Ikiendelea kukimbia bila kupungua ujue inavuta hewa mahali ama tanki liko tupu, ama kisindano cha floti hakifungi na petroli inapita, angalia haraka. Geji isome 3 na kitu. Ikizidi 4, rudi kwa regileta. Pitisha karatasi nyeupe kila kiungo utazame unyevu. Mzimamoto wa poda wa kilo 2 uwe mguuni, na baada ya hapo ubaki kwenye gari siku zote.

SWALI: Fundi shikamoo. Niko Mpeketoni, Lamu, nina Land Rover Series IIA ya petroli, ya mwaka 1965. Nilinunua pampu ya umeme mpya kabisa nikaifunga mwenyewe, haikulia hata mara moja, nikarudisha dukani wakanipa nyingine, nayo hivyo hivyo. Waya nimefuata maandishi, nyekundu kwa plasi nyeusi kwa bodi. Nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Angalia betri yako kabla hujawarudia wale wa dukani. Land Rover nyingi za kabla ya 1967 hivi zilitoka kiwandani na plasi ndio iliyofungwa kwenye bodi, kinyume na gari za leo, na ya kwako ikiwa haijawahi kubadilishwa basi ule waya mweusi uliofunga kwenye bodi umeupeleka kwenye plasi. Pampu hizi za sasa zina elektroniki ndani, ukizigeuzia umeme nyingine zinakufa papo hapo na nyingine zinakataa tu. Tazama waya mnene unaotoka betri kwenda bodi umeshika upande gani.

Ikiwa ni plasi una njia mbili. Ya kwanza ni kupata SU ya pointi za kawaida, yaani vidude vya chuma vinavyogusana na kuachana, hiyo haijali, lakini hakikisha haina elektroniki ndani manake mpya zingine zinazo. Ya pili ni kuigeuza gari nzima, na kwa Land Rover ya dainamo sio kazi kubwa: unageuza betri, unabadilisha waya mbili za koili, unaipa dainamo umeme kidogo kutoka betri ili iamke na upande mpya, na redio kama ipo unaitoa kwanza. Mimi ningegeuza, sababu kila kitu utakachonunua kesho kitakuwa cha upande huo. Tanki yako iko chini ya kiti, kwa hivyo pampu ifunge kwenye chesisi chini ya hapo, upande usio na eksosi. Na lile tundu la pampu ya zamani lizibe kwa bamba kama nilivyomwambia mwenzako wa Malindi.

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina Volkswagen Beetle 1300 hapa Malindi, naitumia kupeleka watoto shule. Imewekewa pampu ya umeme mwezi uliopita na inaenda vizuri, ila tangu hapo nasikia harufu ya petroli nyuma nikisimama, na kuna oili inachuruzika pale pampu ya zamani ilipokuwa. Fundi anasema ni kawaida ya gari kuukuu, niendelee tu.

JIBU: Dada yangu, sio kawaida, na hao watoto wasipande hiyo gari mpaka imeangaliwa. Ninaandika hivi kwa sababu Beetle zinazoungua zinaungulia hapo hapo nyuma.

Harufu kwanza. Kwenye kabureta ya Solex ya Beetle kuna kapaipu ka shaba ambapo hosi ya petroli inaingilia. Kale kapaipu hakana nyuzi za kukazia, kamepigwa tu ndani ya aluminiamu, na miaka ikipita kanalegea. Shika kwa vidole, injini ikiwa baridi, ukizungushe taratibu. Kakizunguka ama kakatoka, umeshapata. Pampu ya zamani ilikuwa ikipiga kidogo kidogo kwa hivyo huenda kalikuwa kananyesha tu, sasa ya umeme inakasukuma muda wote, hata wakati umefungua swichi tu hujawasha. Katolewe, kakatwe nyuzi kakazwe kwa skrubu ama kabureta ibadilishwe, gundi sio dawa. Alafu zile hosi nyembamba zenye uzi nje, zibonyeze, ukiona nyufa ama uzi umelowa badilisha zote pamoja na ile inayopita kwenye bati la mbele la injini, pale ina raba ndogo ya kuikinga isikatwe, mara nyingi huwa haipo. Muulize pia fundi presha ni ngapi. Akikwambia hajui, basi apime, kwa Beetle 3 psi zinatosha.

Oili nayo: pampu ya zamani ilikuwa na fimbo ndefu chini yake inayopanda na kushuka. Wakati mwingine watu wanatoa pampu wanaiacha fimbo ndani, inaendelea kucheza chini ya bamba na kurusha oili mpaka gasketi inashindwa. Itolewe pamoja na kile kiplastiki chake, bamba lirudishwe na gasketi mpya.

Na angalia pampu yenyewe iko wapi. Tanki la Beetle liko mbele, kwa hivyo pampu inatakiwa iwe mbele chini ya tanki. Kama ameifunga nyuma karibu na injini, ihamishwe. Mpaka haya yote yafanyike iache ilipo, toa waya wa betri iliyo chini ya kiti cha nyuma, usiiegeshe chini ya makuti wala karibu na jiko, na umwite fundi aje nyumbani badala ya wewe kumpelekea.